Nusu Yangu ya Protini

Jumanne, 8 Aprili

Uppsala. Mvua, halafu theluji, halafu mvua tena. Gunvor kaniita ofisini.

Gunvor ni msimamizi wangu, profesa, mtu wa kukuambia mabaya kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Kasema: Torgny, baba, sura ya nne iko wapi? Nikamwambia iko njiani. Kauliza njia ipi. Nikatazama dirisha.

Mambo yalivyo ni haya. Tarehe 15 Mei tasnifu yangu inatakiwa kupigiliwa msumari ukutani, kwenye korido ya idara, kama za wote walionitangulia. Bila msumari hakuna kutetea. Bila kutetea hakuna udaktari, na mkataba wangu unakwisha Juni. Sura tatu ninazo. Ya nne ndiyo ya kuonyesha kishikio changu kinamshika nani. Gunvor kasema wazi: hakijashika mtu, hakuna msumari. Na mama yangu kule Sollefteå keshawatangazia wanakwaya wote wa kanisani kwao. Keshakata na tiketi ya treni.

Na kishikio changu hakishiki kitu! Miaka minne!

Nieleze, maana siku moja watu watataka kuandika maisha yangu na sipendi wababaike. Protini yetu ni uzi mrefu uliojikunja, na ina vishikio viwili, kila kimoja na umbo lake kama kiganja. Seli ikipata habari kutoka nje, protini hazina simu. Zinashikana mikono: huyu anamshika yule, yule anamshika mwenzake, mpaka habari inafika ndani. Ukijua kishikio kinamshika nani, umejua kazi yake. Basi miaka minne iliyopita Gunvor aliikata protini hiyo katikati kama mkate. Nusu ya kwanza, na kishikio chake, kanipa mimi. Nusu ya pili kampa Tyra Wikander.

Tyra! Meza yake imepakana na yangu. Naye anapigilia msumari siku ileile. Kazi yake hanionyeshi, na yangu simwonyeshi. Leo kapita nyuma yangu akiimba. Mtu asiye na sura ya nne haimbi. Sikupenda hata kidogo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata dawa! Kosa ni chumvi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Bakteria wananitengenezea kishikio. Nakigandisha kwenye vishanga vidogo vidogo, navimwagia rojo ya seli zilizosagwa, kisha naosha kwa maji ya chumvi. Wapita njia wanaondoka, aliyeshikwa kweli anabaki. Kwangu habaki mtu. Sasa nani kasema lazima chumvi iwe kali vile? Labda namfukuza mgeni wangu mwenyewe mlangoni! Leo nimeosha kwa chumvi kiduchu, kwa upole, kama namwogesha mtoto mchanga. Kutwa nzima chumba baridi cha maabara, nimevaa lile sweta zito la kijivu alilonifumia mama.

Na matokeo? Mstari! Mstari wa buluu, mnene, umelala waziwazi kwenye jeli ya kupimia, maana yake kuna protini imeshikwa! Nilipiga kelele. Nikajidai nimejigonga kidole.

Nimeukata ule mstari nikaupeleka kwenye mashine ya kutambua protini. Siri kubwa. Sijamwambia mtu. Ila nimepita mara kadhaa karibu na Tyra nikiimba.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku mbaya.

Jibu la mashine lilifika wakati wa kahawa ya saa tisa, wote tukiwa mezani. Mtu mwenye busara angelifungua peke yake kwanza. Mimi nilisimama. Nikagonga kikombe kwa kijiko. Nikasema leo idara hii itasikia jina la yule ambaye kishikio cha kwanza kimekuwa kikimsubiri miaka yote hii. Nikafungua simu, nikasoma kwa sauti.

Protini ya sufu. Ya kondoo.

Halafu wote wakanitazama sweta. Tyra alijizuia mpaka machozi yakamtoka, halafu akashindwa, akacheka hadi kahawa ikampalia. Kauliza kama ni kondoo wa kisiwani Gotland au wa kawaida. Gunvor kanipiga bega kasema inatokea kwa kila mtu, Torgny, baba. Si kweli. Haijatokea kwa mtu yeyote hapa.

Saa kumi kulikuwa na kikaratasi kwenye mlango wa jokofu la jikoni: "Wafugaji wote wanaombwa kuacha mifugo yao nje ya chumba baridi." Hakikusainiwa. Hapa kwetu watu hawagombani, wanabandika vikaratasi. Lakini kialama kile cha tabasamu pembeni nakijua ni cha nani.

Nimerudia kazi bila sweta, na chumvi ya kutosha. Sikupata kitu ila mafua.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimewaza siku tatu. Nimeiona njia.

Tyra haonyeshi kazi yake. Kwa nini? Kwa sababu hana! Angekuwa nacho angeshakitangaza mpaka redioni. Basi nikithibitisha kwamba nusu yake nayo haishiki kitu, nikaliweka jambo hilo mezani mbele ya Gunvor kwa huzuni na adabu, itabidi Gunvor atuahirishe wote wawili. Aibu ya wawili si aibu, ni hali ya hewa. Na mkataba nao wataongeza, maana hawawezi kuwafukuza wawili kwa mpigo.

Kwa hiyo nahitaji nusu yake kidogo tu. Siibi. Naazima bila kusumbua mtu.

Mlango umegongwa jioni: watoto wawili wa jirani wamevaa vilemba na kujipaka mashavu mekundu, wachawi wa Pasaka kama ilivyo desturi ya hapa, wanaomba peremende. Sikuwa nazo. Nimewapa vidonge vya kikohozi. Mdogo kaniangalia kwa jicho la kunilaani.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Uppsala yote iko mezani inakula mayai na samaki wa siki. Mama kapiga simu: mwanangu, mbona hukuja? Nikamwambia naumwa. Akasema hata sauti anaisikia. Akaniamuru nivae sweta.

Jengo tupu. Asubuhi, jua jeupe, nimeingia kama mtu mwenye shughuli zake. Friza kubwa, safu ya tatu, ya Tyra. Vichupa vyake vyote amevipangia rangi kama duka la vifungo! Barafu imekula nusu ya maandishi. Nilikuwa na haraka, vidole vinaungua kwa baridi, nikachukua kimoja cha kifuniko cha njano kilichosimama mwisho wa safu. Lebo ilikuwa imeshabanduka. Lakini kiko kwenye safu ya Tyra, kwa hiyo ni cha Tyra. Hesabu hiyo haihitaji udaktari.

Nimekwangua humo bakteria kidogo, wale wanaoitengeneza nusu yake, nimewaotesha, nimerudisha kichupa mahali pake. Nimefuta hata alama za vidole kwenye mpini wa friza. Kisha nikakumbuka natumia mpini huo kila siku.

Jumatatu, 21 Aprili

Mungu wangu. Mungu wangu wee.

Inashika.

Nimefanya kila kitu kihalali. Chumba baridi na fulana tupu, meno yanagongana. Chumvi kali. Nimeosha, nimeosha tena, nimeosha kwa hasira. Na mstari uko palepale, mmoja, safi, haubanduki! Mkubwa kuliko protini yoyote ya kondoo. Ndicho kitu nilichokitafuta miaka minne, na kimekuja kwenye nusu ya Tyra.

Na wala hajui! Nina hakika hajui, maana Alhamisi nilimwona amejiinamia kwenye jeli yake tupu, mikono kichwani. Sijui anaoshea nini, gongo labda.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilitaka kuonyesha mwenzangu hana kitu, nimejionyesha kwamba anacho. Nikisema, nimemvika taji na nimejitangaza mwizi. Nikinyamaza, treni ya mama inafika tarehe 15 na hakuna kitu ukutani. Nililia kidogo, nikasingizia kemikali. Hakukuwa na mtu wa kusingizia mbele yake, lakini mazoea.

Alhamisi, 24 Aprili

Akili yangu jamani! Nikifa waichunguze.

Nimemnunulia Tyra maandazi ya mdalasini, yale makubwa ya pale kona. Nikamwambia nimefikiri sana wakati wa sikukuu. Sisi ni watu wazima. Ugomvi wa nini? Kwa nini tusibadilishane, yeye ajaribu nusu yangu na mimi nijaribu yake, kama ishara ya udugu wa kisayansi? Atakayenasa, kanasa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza wiki nzima. Machozi nilikuwa nimeyaweka tayari.

Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Kakubali andazi likiwa bado mdomoni. Halafu kaniuliza kama naweza kumwandikia hayo kwa barua pepe, na nakala kwa Gunvor, leo hii.

Haraka ile ilinisumbua kidogo. Lakini mwenye bahati habishani na bahati. Gunvor kasoma, kavua miwani, kapangusa macho. Kasema miaka minne ameota siku tutakayosemezana.

Usiku huu nalala kama bwana arusi. Nusu ya pili ni yangu! Kwa maandishi!

Jumatatu, 28 Aprili

Haishiki kitu.

Hii aliyonipa Tyra kwa mkono wake, yenye lebo, tarehe na sahihi, haishiki kitu! Nimejaribu Ijumaa. Nimejaribu Jumapili. Nimepunguza chumvi, nimeongeza, nimeinong'oneza. Jeli nyeupe kama kitambaa cha meza.

Ile nusu mbovu ndiyo aliyokuwa akinitupia kwa furaha! Nami nimempa yangu, mbovu vilevile, tena nikaongezea maandazi!

Sasa kile kichupa cha njano kilikuwa nini? Nani anajua? Mtu mmoja tu duniani anajua, na nikimuuliza itabidi nimwambie nimekionea wapi. Wiki mbili na siku zimebaki. Mchapishaji wa tasnifu anataka kila kitu Jumatano ijayo. Mama kanitumia picha ya gauni alilonunua. La buluu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwambia.

Nilikusudia kuanza kwa mbali, hali ya hewa, Pasaka ilikuwaje. Badala yake nilisimama mbele ya meza yake nikatoa yote kwa pumzi moja: friza, kifuniko cha njano, mstari, maandazi. Tyra kasikiliza bila kupepesa. Kisha kasema polepole: kwa hiyo, wee Torgny, wakati mimi nakula mayai na bibi yangu, wewe ulikuwa umeingiza kichwa kwenye safu yangu ya friza. Nikasema ndiyo. Kasema na maandazi yalikuwa ya hila. Nikasema yalikuwa matamu lakini, au sivyo?

Kanitukana. Sijawahi kumsikia mtu wa Uppsala akitukana kwa sauti, bila kikaratasi. Nilistahili. Hata nilijisikia nafuu.

Halafu kakatisha tusi katikati. Kauliza: kifuniko cha njano, mwisho wa safu? Una hakika? Nikamwambia nina hakika. Kakaa chini. Kasema ile si nusu yake. Ile si nusu ya mtu. Ile ni protini nzima, aliyoitengeneza Gunvor mwenyewe kabla hajaikata. Haikuwa na pa kukaa, Tyra akaihifadhi kwake ili isitupwe, na hakuna aliyeigusa tena.

Tukatazamana.

Nzima! Yenye vishikio vyote viwili!

Kishikio changu kinashika kidogo, kinateleza. Chake kinashika kidogo, kinateleza. Lakini vikiwa pamoja juu ya uzi mmoja, hiki kikiteleza kile kinabaki kimekamata, mpaka cha kwanza kirudi. Kidole kimoja hakivunji chawa! Miaka minne tumekaa mgongo kwa mgongo, kila mtu na kidole chake, tukimlaani chawa.

Tyra kaanza kucheka. Mimi nikaanza kucheka. Halafu kaninyooshea kidole kasema bado mwizi ni mwizi. Kisha kakimbia kwenda kuchanganya chumvi.

Jumatano, 30 Aprili

Sikukuu ya kukaribisha majira ya kuchipua. Mji mzima uko mtoni na kofia nyeupe, wanafunzi wanashuka maporomoko kwa mashua za maboksi na kuzama kwa furaha. Makelele yanafika mpaka chumba baridi.

Sisi tuko ndani, tumevaa nailoni kama wavuvi wa kaa. Tyra kanikagua shingo mpaka soksi, akitafuta sufu.

Tumefanya kwa adabu, mbele ya macho ya kila mmoja. Nusu yangu peke yake: hakuna. Nusu yake peke yake: hakuna. Nusu zote mbili ndani ya kichupa kimoja lakini hazijaungana: hakuna. Nzima: mstari! Buluu, mnene, mzuri! Tyra kanikumbatia. Kisha tukaachana haraka, kila mtu akatafuta kitu cha kupangusa.

Tumekula samaki wa siki ofisini, tukitumia koleo za maabara. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 5 Mei

Jibu la mashine. Safari hii tumelifungua tumefunga mlango.

Si kondoo. Ni protini inayokaa pembezoni mwa seli, pale seli inapogusana na jirani yake. Kazi yake ni kuiambia seli: jirani yupo, nafasi imekwisha, usizidi kugawanyika. Na protini yetu ndiyo inayoishika mkono na kuipokea habari hiyo! Tyra kasoma mara mbili. Nami nimesoma mara mbili, maana simwamini mtu kusoma.

Tumempelekea Gunvor. Kamaliza kusoma, kasema: na aliyeikata ni mimi. Nikamwuliza kama si aibu kwamba kishikio changu peke yake ni dhaifu hivyo. Kasema acha ujinga, Torgny, baba. Kishikio kisichojua kuachia ni balaa. Seli lazima ishike, isikie, halafu iachie. Isipoachia, habari ya jana inaendelea kupigiwa kelele leo, na hapo ndipo magonjwa yanapoingia. Udhaifu wako, kasema, ndio kazi yako. Nimeamua hayo ni maneno ya kunisifu.

Sura ya nne inaingia kwenye tasnifu zote mbili. Majina yetu wote wawili. Mchapishaji katupa mpaka keshokutwa. Tunaandika kama tunafukuzwa.

Alhamisi, 15 Mei

Imo ukutani!

Mama alifika na gauni la buluu na wanakwaya watatu ambao hakuna aliyewaalika. Gunvor kashika nyundo kwanza, kasema maneno mafupi. Kasema miaka minne iliyopita alifanya kosa la kugawa kitu kimoja kwa watu wawili, na vijana hawa wamekiunganisha. Tyra kapigilia yake kwa pigo moja, bila shaka alifanya mazoezi nyumbani. Mimi nimepiga kidole, nimepiga ukuta, kisha nimepiga msumari. Mama alilia waziwazi. Kaisoma sura ya nne yote pale koridoni, kasimama, bila kuelewa neno, kisha kaniuliza kama ni kweli kwamba bila nusu yangu isingewezekana. Nikamwambia ni kweli kabisa. Na ni kweli! Nilikaribia kulia mimi pia. Keki ya kijani, divai yenye mapovu, wanakwaya wakaimba sauti nne. Tyra kaimba nao. Kumbe ana sauti nzuri.

Halafu Gunvor kagonga glasi. Kasema kuna habari nyingine. Kapata fedha za utafiti za miaka mitatu, na anatutaka sote wawili tubaki baada ya kutetea. Kazi mpya, protini mpya. Hii ina vishikio vitatu. Katutazama mmoja baada ya mwingine kasema: safari hii nzima, wanangu. Nzima! Hakuna kukata. Mmeelewa? Tyra kasema kaelewa. Nikasema nimeelewa. Tukapeana mikono mbele ya mama yangu, watu wakapiga makofi.

Siku tamu kuliko zote za maisha yangu. Nimejifunza jambo kubwa, na nitalishika daima.

Ila nimeiangalia kwa makini michoro ya hiyo protini mpya, jioni hii, mama akiwa ameshalala. Kishikio cha kati ndicho chenye kazi yote. Hilo liko wazi. Hivi viwili vya pembeni ni wapambe tu, Tyra anaweza kuvichukua kwa roho safi, hata vyote viwili, mimi si mchoyo. Kile cha kati nikianza nacho mapema, kimyakimya, kabla hajazinduka, sura nzima itakuwa yangu peke yangu. Kimeng'enya cha kukatia nimeshaagiza. Kinafika Jumatatu, Tyra akiwa kwa daktari wa meno.